Je, Wajua? Ukili wa Serikali Ndani ya Mkeka Wako

Jumamosi, saa saba mchana, kibanda cha kubeti kimejaa. Karatasi nyembamba inachomoza kwenye mashine ikiwa bado na joto. Kijana anaikunja mara nne na kuitia ndani ya kava la simu. "Huu haukosi, kaka," anamwambia mwenzake. Mechi kumi na mbili, dau shilingi 1,000. Nyuma ya karatasi hiyo kuna leseni, kodi, kesi, mabunge na benki za nchi kadhaa, na huko ndiko safu hii inakokwenda leo.

MANENO KWANZA

1. Je, wajua kwamba maneno "kamari" na "nasibu" yote yana asili ya Kiarabu? La kwanza linatokana na "qimar", mchezo wa kuwekeana dau ambao Uislamu umeuharamisha. La pili ni "nasib", fungu ambalo mtu amepangiwa. Moja lilikuja na haramu yake, jingine lilikuja na kudra yake.

2. Tanzania, ofisi ya serikali inayosimamia mambo haya inaitwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Neno kamari halimo kwenye jina lake. Ukivuka mpaka wa Namanga, magazeti na redio za Kiswahili za Kenya husema "kamari" bila kuzunguka mbuyu.

3. Na "mkeka" je? Ni orodha ya mechi zilizounganishwa kwenye dau moja, na zote zinatakiwa ziitike ndipo ulipwe. Jina limekaa sawasawa: mkeka wa kulalia hushonwa kwa kuunganisha kili, na ukili mmoja ukikatika mkeka wote unaanza kufumuka. Timu moja ikitoka sare isiyotarajiwa, utasikia kijiweni: "Mkeka umechanika."

SHERIA NA UMRI WAKE

4. Je, wajua kwamba hadi mwaka 2025 Kenya ilikuwa inasimamia beti za simu kwa sheria ya mwaka 1966? Sheria hiyo ilipotungwa, nchi ilikuwa na miaka mitatu tu ya uhuru, na kubeti kulikuwa ni mambo ya mbio za farasi, kasino na tiketi za bahati nasibu. M-Pesa ilikuja mwaka 2007, sheria ikiwa imeshatimiza miaka 41. Rais William Ruto alitia saini sheria mpya Agosti 2025, na bodi ya zamani iliyojulikana kwa herufi BCLB ikapisha mamlaka mpya.

5. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliigawa kamari mara mbili. Fungua Jedwali la Nne: kwenye orodha ya kazi za serikali kuu utakuta kamari na kasino za ngazi ya kitaifa, na kwenye orodha ya kazi za kaunti utazikuta tena. Kasino yenye mlango na paa ni rahisi kujua iko kaunti gani. Sasa mtu aliyepanda basi Kisumu, akabeti akiwa Nakuru, mechi ikaisha yuko Nairobi, huyo ni wa kaunti ipi?

6. Tanzania ilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha mwaka 2003. Kabla ya hapo kulikuwa na sheria ya mwaka 1967 na nyingine ya mwaka 1974 iliyohusu bahati nasibu ya taifa. Hata hiyo ya 2003 iliitangulia simu ya kupapasa mitaani kwetu.

7. Je, wajua kwamba Uganda mtu anaweza kupiga kura na kufunga ndoa akiwa na miaka 18, lakini haruhusiwi kubeti mpaka afikishe 25? Hivyo ndivyo ilivyoamua sheria yao ya mwaka 2016. Kenya na Tanzania kikomo ni 18.

8. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilizichoma moto mashine za kamari za mitaani, zile ambazo huku Tanzania vijana huziita dubwi. Moshi ulionekana, kamera zikapiga picha. Programu ya simu haichomeki.

HESABU YA MEZANI

9. Je, wajua kwamba faida ya kampuni imeshonwa ndani ya odi zenyewe, zile namba zinazozidishwa na dau lako? Tuchukue mfano wa mechi moja: mwenyeji 2.10, sare 3.20, mgeni 3.40. Gawanya 1 kwa kila namba. Utapata 47.6%, 31.3% na 29.4%. Jumlisha. Mechi yoyote ina uwezekano wa 100% tu, lakini hapa umepata karibu 108.3%. Hiyo 8.3% ya ziada ndiyo riziki ya kampuni. Kwa lugha ya mfukoni, katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa kwa odi hizo, wachezaji hurudishiwa wastani wa shilingi 924 hivi.

10. Sasa shona mechi tano za aina hiyo kwenye mkeka mmoja. Makato yanazidishana: 0.9235 ikizidishwa yenyewe, mechi zote tano. Kinachorudi kwa wastani ni shilingi 672 katika 1,000. Ndiyo maana matangazo hukuhimiza uongeze mechi, na bonasi hupanda kadiri mkeka unavyorefuka.

11. Mwaka 2017 mtu mmoja nchini Kenya alibashiri sawasawa mechi 17 na kujishindia jakpoti ya shilingi milioni 221. Kila mechi ina matokeo matatu: kushinda, kushindwa, sare. Njia za kuijaza orodha ya mechi 17 ni 129,140,163. Wataalamu wa mpira hupunguza njia hizo kwa kujua Gor Mahia ina majeruhi au Arsenal imechoka, ila mlima unabaki kuwa mlima.

12. Kile kindege kinachopaa kwenye simu huku namba zikipanda, Aviator, hakihusiani na mpira hata kidogo. Ni mchezo wa kasino uliotoka mwaka 2019, na waliouunda wametangaza kwamba hurudisha wastani wa 97% ya dau. Inasikika vizuri kuliko mkeka, sivyo? Tazama saa. Mechi ya mpira ina dakika 90, mzunguko wa kindege huisha kwa sekunde. Mtu wa shilingi 1,000 kwa mzunguko akicheza mara mia jioni moja, amezungusha shilingi 100,000, na wastani wa hasara yake ni 3,000. Sheria nyingi za kubashiri ziliandikwa na watu waliokuwa wakiwaza dakika 90.

KODI, MCHEZAJI WA KUMI NA MBILI

13. Je, wajua kwamba mwaka 2017 Hazina ya Kenya ilipendekeza kodi ya 50% kwa mapato ya kampuni za kamari? Sheria ilipopita ilikuwa 35%, ikaanza Januari 2018. Mwaka huohuo ikateremshwa hadi 15%.

14. Ushuru wa bidhaa kwa anayebeti Kenya nao umepanda na kushuka kama lifti ya jengo la ofisi: 7.5% mwaka 2021, 12.5% mwaka 2023, 15% mwishoni mwa 2024, kisha 5% kuanzia Julai 2025. Safari hii ya mwisho lifti ilibadilisha hata mlango. Zamani ushuru ulikatwa kwenye dau. Sasa unakatwa pale fedha inapoingia tu kwenye pochi ya kubetia, kabla hujachagua timu.

15. Neno moja, "ushindi", liliwahi kuzua ugomvi mkubwa kati ya mamlaka ya kodi ya Kenya na kampuni. Kodi ya ushindi ilikuwa 20%. Umeweka shilingi 100 kwa odi ya 1.15, timu imeshinda, unastahili 115. Ushindi wako ni 15 ulizoongeza au ni 115 zote? Wakikata 20% ya 15, unaondoka na 112. Wakikata 20% ya 115, unaondoka na 92. Yaani timu yako imeshinda, ubashiri wako umeitika, na umerudi nyumbani na upungufu wa shilingi 8. Kuanzia Julai 2025 wameacha kubishana kuhusu neno hilo: hukatwa 5% ya unachokitoa kwenye pochi.

16. Novemba 2022, mamlaka ya kodi ya Kenya ilianza kuunganisha mitambo yake na ya kampuni za kubashiri ili kodi ilipwe kila siku badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Muuza duka hana presha ya namna hiyo.

17. Tanzania, kazi ya kukusanya kodi ya michezo ya kubahatisha ilitoka kwa Bodi na kwenda kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, mwaka 2017. Sehemu ya kodi ya kubashiri mechi hutengwa kwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Kwa hiyo anayechana mkeka wake kwa hasira huenda amechangia mpira wa mtoto asiyemjua.

ZIBA NJIA YA FEDHA

18. Je, wajua kwamba pigo kubwa kuliko yote kwa kampuni za kubeti Kenya halikuhitaji askari hata mmoja mlangoni? Julai 2019, serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 kwa madai ya kodi, kisha ikaiandikia Safaricom izifunge namba zao za malipo. Tovuti zilibaki hewani, timu zilibaki uwanjani, lakini shilingi haikuwa na pa kupita. Kabla mwaka haujaisha, kampuni kubwa kadhaa zilitangaza kusimamisha shughuli.

19. Marekani walikuwa wameshapita njia hiyo mwaka 2006. Bunge lao liliwakataza wenye benki na kadi kupitisha fedha za kamari haramu ya mtandaoni. Kichekesho ni mahali kifungu hicho kilipowekwa: kilipachikwa kwenye sheria ya usalama wa bandari.

20. Uingereza ilipiga marufuku kubeti kwa kadi ya mkopo kuanzia tarehe 14 Aprili 2020. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: ukibeti, beti fedha yako, usibeti deni.

JEZI NA MATANGAZO

21. Je, wajua kwamba bao la kwanza la Wayne Rooney baada ya kurejea Everton lilifungwa Dar es Salaam? Ilikuwa Julai 2017, Uwanja wa Taifa, ambao sasa ni Benjamin Mkapa. Gor Mahia ndio walikuwa wapinzani, na mpira ulipigwa kutoka mbali sana. Everton walishinda 2-1. Kilichozikutanisha timu hizo ni jina la kampuni ya kubeti: SportPesa ilikuwa kifuani mwa Everton, na Gor walikuwa wametwaa kombe lake.

22. Mwaka 2022, watani wa jadi wa Kariakoo wote wawili walivaa kubeti kifuani. Simba walisaini na M-Bet mkataba wa zaidi ya shilingi bilioni 26 kwa miaka mitano. Yanga walisaini na SportPesa zaidi ya bilioni 12 kwa miaka mitatu. Mwenye wazo la kupiga marufuku udhamini huo kesho asubuhi aanze kwanza kutafuta nani atalipa mishahara ya wachezaji.

23. Ligi Kuu ya Uingereza imeshajiwekea tarehe. Mwaka 2023 klabu zilikubaliana kuondoa majina ya kampuni za kamari mbele ya jezi za mechi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Mbele tu. Mkono wa jezi haukuguswa.

24. Aprili 2025 Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Yaliporuhusiwa tena yalirudi na masharti: watu mashuhuri na wenye wafuasi wengi mitandaoni hawaruhusiwi kuyanogesha, na tangazo lazima lipite kwanza kwenye bodi inayopanga filamu kwa madaraja. Tangazo la beti sasa linakaguliwa kama sinema.

MBALI NA NYUMBANI

25. Je, wajua kwamba nchi ndogo ya visiwa vya Karibiani iliishinda Marekani kwenye kesi ya kamari? Antigua na Barbuda ilifungua mlango wa leseni za kamari ya intaneti kwa sheria ya mwaka 1994, wakati watu wengi hawajawahi kuiona intaneti. Marekani ilipowafungia soko, wao wakaenda Shirika la Biashara Duniani mwaka 2003, wakashinda. Mwaka 2007 wasuluhishi wa shirika hilo waliamua kwamba wanaweza kuomba ruhusa ya kuacha kulinda hakimiliki za Wamarekani hadi thamani ya dola milioni 21 kwa mwaka.

26. Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta Mei 2018 sheria ya 1992 iliyozuia majimbo mengi kuruhusu beti za michezo. Kila jimbo likashika njia yake. New Jersey wakaruhusu, New York beti za simu zikachelewa hadi Januari 2022. Katikati yao kuna daraja la George Washington. Watu wa New York walikuwa wakipanda baiskeli, wanavuka mpaka wa jimbo juu ya daraja, simu inatambua kwamba sasa wako New Jersey, wanabeti, wanageuza. New York ilipofungua mlango, iliweka kodi ya 51% kwa mapato ya kampuni.

27. India iliamua vingine. Agosti 2025 walipitisha sheria ya kuzuia michezo yote ya mtandaoni inayochezwa kwa fedha. Ndani ya siku chache, Dream11, jina lililokuwa kifuani mwa timu ya taifa ya kriketi, likajiondoa.

28. Falme za Kiarabu, ambako ndugu zetu wengi wako kazini, kamari ilikuwa marufuku kabisa. Mwaka 2023 wakaunda mamlaka ya kuisimamia, na mwaka 2024 wakatoa leseni ya bahati nasibu na ya kasino inayojengwa Ras al-Khaimah.

BREKI

29. Mwaka 2020, FIFA ilimfungia maisha mchezaji mmoja wa klabu ya Kenya kwa kupanga matokeo, na wengine watatu miaka minne kila mmoja. Mechi isiyotazamwa na watu mia tano uwanjani inaweza kuwa imewekewa dau kutoka mabara matatu. Mchezaji aliyecheleweshewa mshahara ndiye mlango wa kwanza kugongwa.

30. Je, wajua kwamba Uingereza mtu anaweza kujifungia mwenyewe? Mpango wao unaitwa Gamstop. Unajiandikisha mara moja, unachagua miezi sita, mwaka mmoja au miaka mitano, na kila kampuni ya mtandaoni yenye leseni ya Uingereza inatakiwa ikukatae. Ukibadili mawazo wiki ijayo usiku wa manane, jibu ni hapana mpaka muda uishe. Tangu Machi 2020 hakuna kampuni yenye leseni inayoruhusiwa kukaa nje ya mpango huo. Kufunga akaunti kwenye kampuni moja pekee ni kama kufunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango thelathini.

31. Tumalizie kwa hesabu ya kufunga daftari. Ingiza shilingi 1,000 za Kenya kwenye pochi ya kubetia. Ushuru wa 5% unachukua 50, zimebaki 950. Zishone kwenye mkeka wa mechi tano zenye odi kama zile za namba 9: kwa wastani zinarudi 638. Zitoe, 5% nyingine inakwenda. Mkononi una 606. Tarakimu hiyo ni wastani, kwa hiyo leo wengi watapata sifuri ili mmoja apate picha ya kuweka kwenye hali ya WhatsApp.

32. Na kijana wetu wa Jumamosi? Mechi kumi na moja ziliitika. Ya kumi na mbili ilisawazishwa dakika ya 88. Kwake Tanzania, kodi hutozwa pande zote mbili: kampuni hulipia kinachobaki baada ya washindi kulipwa, na mshindi hukatwa kwenye ushindi wake. Mkeka ukichanika, serikali hula upande wa kampuni. Ukisimama, hula upande wa mshindi. Kijana alikichana kikaratasi vipande viwili, akavitazama, akavitupa chini ya benchi. Katika kibanda kile kizima, ukili mmoja tu ulikuwa na uhakika wa kutokatika, na mwenye ukili huo ndiye aliyetundika leseni ukutani.